SOMO: Jambiani mpaka Bwejuu, Unguja, kwa baiskeli, pwanipwani (na kurudi salama)

Wakuu, kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ikiingia tu inboksi inajaa "vipi ile safari yenu ya baiskeli". Naandika mara moja, msiniulize tena.

1. Baiskeli: tairi nene, breki zishike. Punguza upepo kidogo kwa ajili ya mchanga.

2. Daladala ya 309 ya Jambiani alfajiri, baiskeli juu. Elewana bei na konda KABLA hajaifunga.

3. Maji lita 2 kila mtu na kofia. Jua la Januari silo la kuchezea.

4. MAJI YA BAHARI. Hapa someni taratibu. Mara ya kwanza mimi na mwenzangu tulianzia Bwejuu saa tano, maji yamekupwa, mchanga mgumu kama lami, kaskazi inatusukuma mgongoni tukateremka mpaka Jambiani tunacheka tu, tukakaa kula pweza mpaka saa nane. Kurudi sasa! Upepo usoni, maji yanajaa, ule mchanga mgumu ushazama umebaki wa juu unaomeza tairi, na kuna mahali maji yamefika kwenye kuta za hoteli hakuna pa kupita. Mwenzangu alibeba yake begani, maji ya magoti. Hakunisemesha mpaka Paje.

Kwa hiyo nendeni siku za bamvu (maji yanajaa na kupwa sana), mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakauka kama saa nne kwenda saa tano asubuhi. Anzeni masaa mawili kabla, anzieni Jambiani mpige upepo wa uso mkiwa na nguvu, maji yakikauka GEUZENI popote mlipo. Siku za maji mafu msiende, bahari haitoki mbali. Mkiwa na shaka waulizeni kina mama wa mwani.

5. Kamba na vigingi vya mwani ni shamba la mtu. Zunguka.

6. Mkirudi osheni kwa maji ya bomba, kausheni, cheni mafuta. Siku ileile, yangu ilishika kutu ndani ya siku mbili.

MASWALI

— Mkuu saa ngapi nzuri kwenda?
— Namba 4.

— Ndefu hiyo, nitajie saa tu. Jumamosi hii je?
— Mwezi una siku ngapi?
— Sijui
— Toka nje usiku uuangalie kwanza ndo urudi hapa.

— Samahani kaka, kwani kwa nini saa ya maji kukauka haikai palepale?
— Swali zuri dada. Mwezi kila siku unachelewa kuchomoza kama dakika 50, na maji yanaufuata. Leo yamekauka saa nne, kesho weka saa tano kasoro dakika kumi. Na bamvu lenyewe linakolea siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, sio siku ileile.

— Na mwezi wa saba?
— Hiyo kusi, upepo unatoka kusini, geuza. Panda 324 uanzie Bwejuu.

— Mafuta ya nazi kwenye cheni yanafaa?
— Yananasa mchanga. Acha ya kupikia.

— Mie nachovya cheni kwenye mshumaa ulioyeyushwa, mchanga haugandi kabisa
— Hii sijajaribu mkuu, unayeyushia kwenye nini? Sufuria ya nyumbani mama ataniua
— Kopo la maziwa, ndani ya maji ya moto. Usiweke kwenye moto wenyewe utaunguza nyumba