SOMO: Kuchagua giaboksi ya oto ya gari ya dragi (na usianze na jina la giaboksi)

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu tofauti na wote wameuliza kitu kimoja, "fundi, niagize TH400 ama Powerglide?" (hizo ni giaboksi za oto za Marekani), na kila mmoja nikimuuliza gari yako ina kilo ngapi, kimya. So wacha niandike mara moja tumalize, maswali mtaweka hapo chini nitajibu nikitoka chini ya gari.

Hapa naongea kuhusu gari za dragi, yaani mbio za mita 402 moja kwa moja, zenye tabo kubwa (ile feni inasukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu ya farasi 500 kuenda juu. Kama yako ni ya kupeleka watoto shule na resi ni Jumapili moja kwa mwaka (na barabara ya Lanet si uwanja, tafadhali), soma hatua ya tatu tu halafu uende nyumbani.

Hatua ya 1: pima gari

Si kukisia, kupima. Peleka kwa mizani ya lori, hata zile za kupimia mahindi, ukae ndani na helmeti na petroli nusu tanki. Farasi nazo usiniletee karatasi ya daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) peke yake ju karatasi huandika yenye mwenye daino anataka ufurahie. Kama umeshakimbia, ile spidi ya kuvuka laini ya mwisho ndio haidanganyi. Gari ya kilo 1,550 ikivuka kwa 209 km/h, hiyo ni kama farasi 580. Kuna jamaa alikuja na karatasi ya 800, gari ya kilo hizo hizo, akavuka kwa 190. Hesabu ikatoa 440. Alikuwa karibu kununua giaboksi ya farasi elfu moja na mia mbili.

Hatua ya 2: konveta kwanza, giaboksi baadaye

Hapa ndio pesa ya watu wengi inapotelea so tutakaa kidogo.

Konveta ni kama feni mbili zinatazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini, ingine inazungusha giaboksi. Stoli ni RPM zenye injini inafika gari ikiwa imeshikwa haitembei, hapo konveta inakataa kuachilia zaidi. Tabo kubwa iko usingizini chini ya 4,000, sasa na konveta ya kiwanda yenye inakushika kwa 2,200 hivi utatoka kwa laini kama gari ya mazishi. Ukikimbilia upande ule mwingine uweke stoli ya 6,000 kwa injini yenye haiitaki, inateleza mpaka mwisho, nguvu yote inageuka joto na unavuka laini injini ikipiga kelele na gari haiendi.

Sasa kitu watu wa huku juu tunasahau. Stoli si namba imegongwa muhuri kwa konveta, inafuata toki ya injini (nguvu yake ya kuzungusha), toki ikipanda mara nne stoli inapanda mara mbili. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu ni kama 1,130, Eldoret imepita 2,000. Injini yenye haijapata busti (presha ya hewa kutoka kwa tabo) hupoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300, so hapa kwetu kama asilimia 18 imeenda na upepo kabla tabo iamke. Konveta ya mtu wa Florida, pale chini kabisa usawa wa bahari, yenye kwao inashika 4,000, ukiifunga Nakuru itashika kama 3,600, na hizo 400 ndizo zilikuwa zinaamsha tabo! Unabaki umesimama kwa laini mguu umekanyaga mpaka chini, busti haipandi, mwenzako ameenda, na wewe unalaumu mtu wa kutyuni.

So ukiandikia mtengenezaji mpe kilo za gari, saizi ya injini, tabo gani, difu ngapi (uwiano wa gia za ekseli), urefu wa tairi, na mwinuko wa mahali unakimbilia. Mwenye anajua kazi atakuuliza hizi zote mwenyewe. Mwenye anauliza rangi na anwani ya kutuma, achana na yeye.

Uliza pia kama konveta imeimarishwa isifure. Na presha kubwa ile ya kawaida hufura kama chapati kwa pani, inasukuma krenki mbele na kula beyaringi ya kuzuia krenki. Hapo si giaboksi tena, ni injini.

Hatua ya 3: jua yenye uko nayo inakufa wapi

Wengi wetu tuko na injini ya Toyota, 1JZ ama 2JZ, na nyuma yake A340E ya Toyota, gia 4, ya kwanza 2.80, ya pili 1.53, ya tatu 1.00 na ya nne ya safari. Hii giaboksi inatukanwa bure. Nimefungua kadhaa zimeungua klachi na kosa halikuwa lake, ilikuwa waya. Zile za zamani ziko na waya unatoka kwa throto kuingia giaboksi, na huo waya ndio unaiambia iongeze presha ya oili ukikanyaga. Mtu anabadilisha throto aweke kubwa, waya unabaki ukining'inia ama unafungwa na kamba, giaboksi inadhani unaendesha polepole sokoni, presha iko chini na wewe umeachilia farasi 450. Klachi zinateleza, oili inakuwa nyeusi inanuka kama ugali umeungua. Rekebisha waya, weka klachi mpya, valvu bodi (sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi) iliyoongezwa presha na kula nzuri ya oili (kula ya kupoesha, si kula ya mdomo), na watu wengi hawangehitaji kuagiza kitu.

Ukipita hapo ukienda farasi 600, 700 na unatoka kwa laini na tairi za dragi, sawa, sasa tuongee.

Hatua ya 4: sasa majina

Powerglide ni ya Chevrolet, ilianza 1950 ikaachwa 1973, gia mbili tu, ya kwanza 1.76 ama 1.82. Nyepesi, haili nguvu nyingi, vitu vya kuharibika ni vichache. Watu huona gari kali za Marekani ziko nayo wanadhani ndio dawa. Lakini zile gari ni nyepesi na injini ni lita nane, shida yao ni nguvu nyingi sana kwa tairi, so gia ndefu inawasaidia. Wewe uko na lita mbili na nusu na gari ya kilo 1,550. Kwa difu ya 3.9 Powerglide inakupa jumla 6.9 kwa gia ya kwanza, TH400 inakupa 9.7. Kutoka na Powerglide kwa Toyota Mark II ni kama kupanda Salgaa na gia ya pili umebeba mawe.

TH400 ni ya General Motors, tangu 1964, gia tatu: 2.48, 1.48, 1.00. Ukibadilisha kwa 7,500 unaanguka mpaka kama 4,480, halafu ya tatu unaanguka 5,070, bado uko ndani ya busti. Haitaki kompyuta. Ni nzito, na kwa JZ unahitaji nyumba ya kuunganisha injini na giaboksi, propela mpya, na mara nyingi kukata sakafu. Ugonjwa wake unajulikana: ukiwa gia ya kwanza kuna drami ndani (ngoma ya chuma inayobeba klachi) linazunguka kinyume na injini, ukiingiza ya pili spragi (kifungo kinachoruhusu kuzunguka upande mmoja tu) inalishika likome ghafla. Ile spragi ndogo ya vipande 16 ndiyo hupasuka. Ya kukimbilia ni ya vipande 34, na drami lenyewe liwe la chuma cha maana, na shafti ya kuingilia isiwe ya kiwanda.

4L80E ni kama TH400 imeongezwa gia ya safari ya 0.75, inatumia kompyuta. Hii ndio ningempa mtu anaendesha gari mpaka kwa mbio na kurudi nayo. Na difu ya 3.9 na tairi ya inchi 26, 100 km/h bila gia ya safari ni kama 3,130 RPM, na hiyo 0.75 ni 2,350. Toka Nakuru upitie Mau Summit, Kericho, mpaka Kisumu, utajua tofauti kwa masikio na kwa petroli.

Hatua ya 5: hakikisha imejengwa kweli

Hii imeniuma. Mteja wangu alinunua giaboksi "imejengwa ya farasi 1,000", ikakuja na rangi safi inang'aa na stika. Ikakimbia mara tatu, drami likapasuka. Kufungua, spragi ni ile ya zamani, shafti ni ya kiwanda, kitu kipya ilikuwa rangi na gaski. Muuzaji hakushika simu tena. Tangu siku hiyo siruhusu pesa ya mwisho itoke kabla ya picha za giaboksi ikiwa wazi, orodha ya kila kitu kilichobadilishwa, idadi ya klachi kwa kila drami, na presha ya oili waliyopima. Fundi aliyejenga kweli hupenda kuonyesha picha, utachoka wewe.

Hatua ya 6: usalama

Kwa haraka lakini msiruke. Fleksipleti (sahani inayounganisha injini na konveta) ya SFI 29.1 na ngao ya giaboksi ya SFI 4.1, hizo SFI ni viwango vya usalama vya mbio. Giaboksi iko kando ya miguu yako, drami likipasuka kwa 8,000 RPM linapita sakafu. Na kamwe usitupe nyutro ukivuka laini ya mwisho, hasa Powerglide, drami linaruka RPM zenye halikutengenezewa. Acha kwa gia, toa mguu, gari itashuka yenyewe.

MASWALI YA WENZETU

*Wa Kondele, Kisumu: Fundi, yangu ni 1JZ farasi 400 hivi, nimeweka akiba ya TH400. Niendelee?*
Omera, hapana. Rudi hatua ya tatu. Hiyo pesa weka kwa konveta, tairi na kula ya oili. Ubaki na ya kusomesha mtoto.

*Wa Eldoret: Transibreki ni lazima? Na inafanya nini hasa?*
Inashika gia ya kwanza na ya rivasi kwa wakati mmoja, gari haiwezi kuenda mbele wala nyuma, unakanyaga mpaka tabo ijae, ukiachilia kitufe rivasi inatoka gari inaruka. Kwa tabo kubwa huko kwenu mwinuko huo ningesema weka. Lakini ni sekunde chache tu kila mara, oili ndani ya konveta inapanda joto haraka sana. Nimeona mtu ameshika akingoja mpinzani wake amalize mbwembwe, akatoka na moshi.

*Dada wa Kakamega: Mimi niko na Forester ya tabo, naweza weka Powerglide?*
Dada yangu, hapana. Ya Subaru imebeba difu ya mbele ndani yake na inagawa nguvu magurudumu yote manne. Ukiweka Powerglide umeunda gari ingine kabisa. Imarisha klachi na valvu bodi ya hiyo hiyo, ama ukubali manuali.

*Wa Kericho: Oili gani? Nimebaki na T-IV ya Toyota, naweza mimina kwa TH400?*
Weka oili yenye aliyejenga amekuambia, ju klachi na oili huchaguliwa pamoja. Wengine hutaka Dexron, wengine Type F ju inashika kwa ukali zaidi. T-IV rudishia A340E.

*Wa Njoro: Na hizi 8HP za BMW, gia nane, si ndio za kisasa?*
Ni nzuri, sikatai, ZF, kampuni inayozitengeneza, wametengeneza kitu. Ile 8HP70 kiwandani imepewa 700 Nm na watu hupitisha. Lakini unahitaji kompyuta ya kuiongoza na mtu wa kuityuni, na ikikufa Ijumaa usiku hapa Nakuru utaifungua na nani? TH400 naifungua mwenyewe na taa ya simu.

*Wa Kondele tena: Ile ya mteja iliyopasuka mlipeleka wapi?*
Ile giaboksi tuliirudishia drami na spragi ya ukweli, inakimbia. Drami la zamani liko hapa gereji, linashikilia mlango usipigwe na upepo wa vumbi. Ukipita Nakuru ingia ulione, ufa wake unaingia kidole.