Ndege yako iko Nairobi, wewe uko Moshi: panga hivi safari ya barabara wakati wa mvua na baridi

Tiketi za kutokea Nairobi mara nyingi huwa nafuu kuliko za KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, ndiyo maana sikosi ndugu au mteja wa kumsindikiza hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Safari hii ilikuwa zamu ya mama mdogo, anakwenda Toronto kumwona mjukuu, na maswali aliyoniuliza njia nzima ndiyo yaliyozaa mwongozo huu. Unahusu miezi ya Machi hadi Agosti, yaani masika na baridi inayoyafuata. Kiangazi barabara hii haina siri, panda gari ufike.

1. Kabla hujanunua tiketi

Andika kwenye karatasi nauli ya kwenda na kurudi, chakula, usiku mmoja wa kulala, na akiba ya teksi ya dharura. Kisha linganisha na tiketi ya KIA. Wakati mwingine tofauti inayobaki haitoshi hata kununulia koti. Na kama kampuni ya ndege inakuuzia safari nzima kuanzia KIA kupitia Nairobi kwa tiketi moja, ichukue hata ikizidi kidogo. Ndege ya kwanza ikicheleweshwa na ukungu, ni kazi yao kukutafutia nyingine. Ukienda kwa barabara, kuchelewa ni mzigo wako peke yako.

2. Soma saa, halafu hesabu kurudi nyuma

Tiketi huandikwa kwa saa 24. Ukiona 00:40 ya tarehe 12, hiyo ni saa 6:40 usiku wa kuamkia tarehe 12, kwa hiyo nyumbani unatoka tarehe 11 asubuhi. Usicheke. Yupo mtu aliyefika mpakani Namanga tarehe 12 mchana, ametulia kabisa, begi limefungwa vizuri, na ndege yake imeshatua Ulaya.

Ukishaijua saa, usianze kuhesabu kutoka nyumbani. Anza uwanjani urudi nyuma. Tuseme ndege inaruka saa 5:55 usiku. Mimi nataka abiria awe getini saa 2 usiku. Kutoka Kitengela, mji wa kabla ya kuingia Nairobi, hadi uwanjani, ambako siku njema hakuzidi saa moja, napatenga saa 3. Namanga hadi Kitengela saa 2 na nusu. Mpakani saa 2. Arusha hadi Namanga, kilomita kama 110, saa 2 na nusu. Jumla saa 10, kwa hiyo Arusha unaiacha saa 4 asubuhi, na Moshi, iliyo kilomita 80 nyuma, unaiacha saa 1 na nusu. Jumatano na Jumamosi ongeza kidogo, soko la Tengeru linakuwa limejaa hadi barabarani.

Siku nyingi utafika saa 10 jioni, ukae kwenye kiti upige miayo. Sawa. Miayo haina faini.

Ndege ikiwa ya asubuhi au kabla ya saa 8 mchana, nenda jana yake ulale Syokimau au Mlolongo, karibu na uwanja. Hapo sibishani na mtu. Kusafiri usiku kucha ili uingie Nairobi alfajiri ni kujipeleka mwenyewe kwenye foleni ya watu wa Kitengela wanaokwenda kazini, na mvua ikinyesha foleni hiyo inaanza kabla jua halijachomoza. Na ndugu anayekaa Kasarani au Ruiru hayuko karibu na uwanja, hata akikupenda vipi.

3. Njia

Namanga. Ndiyo fupi, ndiyo yenye magari mengi, na mpaka wake haufungwi usiku.

Wa Moshi, hasa wa Marangu na Rombo, wana njia ya akiba: Tarakea, Loitokitok, kisha Emali, ambako unaingia barabara ya Mombasa. Uzuri wake ni kwamba unaikwepa Kitengela kabisa. Ubaya wake ni kwamba hupati gari la moja kwa moja, na upande wa Rombo mwezi wa 7 ukungu unashuka mpaka humwoni ng'ombe aliyesimama mbele yako. Ifikirie mchana tu, na pale ambapo Namanga kuna tatizo. Ya Holili, Taveta na Voi ni lami nzuri, ila inakuzungusha mno kwa mtu mwenye ndege ya kuwahi.

Jioni ya kabla ya safari, angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa upande wetu, na kwa upande wa Kenya soma matangazo ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Angalia na mvua iliyokwisha kunyesha siku 2 zilizopita huko juu, maana mto hufurika hata mahali palipo pakavu. Aprili 2024 mto Athi ulivunja kingo, maji yakapita juu ya barabara karibu na Kitengela, na magari ya Namanga yakakwama pande zote mbili. Siku kama hiyo ujanja wa dereva hauna kazi. Kinachokuokoa ni kuwa ulitoka mapema ukapata muda wa kuzunguka.

4. Gari

Chukua kosta ya asubuhi. Hizi kosta za Arusha na Nairobi kwa kawaida zina safari mbili, asubuhi na mchana, na ile ya mchana huwa tupu kidogo, kwa hiyo wakatisha tiketi watakusukumia. Ikatae. Inafika Nairobi giza limeingia, na ikichelewa mpakani huna tena kosta nyingine nyuma yako. Ya asubuhi ikiharibika Longido, ya mchana itakukuta.

Kabla ya kulipa uliza mambo mawili. La kwanza, inaingia ndani ya uwanja au inakushusha njia panda? La pili, kwa anayetokea Moshi, ni gari hilo hilo hadi mwisho au mnahamishiwa jingine Arusha? Jibu la "tutaona hukohuko" maana yake mtahamishwa.

Kukodi gari binafsi la namba za Tanzania hadi Nairobi sikushauri, ingawa ndilo watu wanaloliona la heshima. Linahitaji bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka, karatasi za forodha za kuingiza gari kwa muda, na dereva anayeijua Nairobi kweli. Halafu suala la magari yetu ya abiria kuingia pale uwanjani limewahi kuwa ugomvi wa nchi na nchi. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya watalii yenye namba za Tanzania kufika Jomo Kenyatta, na zuio likaondolewa Machi 2015 baada ya marais kuzungumza. Sitaki abiria wangu awe mtihani wa kanuni mpya.

Ukikosa kosta, ninachokipenda zaidi ni hiki: Noah ya Namanga kutoka Arusha, unavuka kwa miguu, na upande wa pili unasubiriwa na dereva wa Kenya mliyekubaliana bei tangu jana. Yeye anajua wapi maji yanatuama na wapi pa kuchepukia. Ila apatikane kupitia mtu aliyewahi kumtumia. Wale wanaokushika mkono mpakani wakikuita "mkubwa" waache waendelee kuita.

Gari lolote lile, kabla hujapanda litazame tairi za nyuma na waipa. Tairi kipara haipandi mwinuko wa Oldonyo Sambu kwenye manyunyu.

5. Mzigo

Kosta nyingi hupakia mabegi juu, chini ya turubai lenye matundu ya umri wake. Begi la kitambaa likilowa linaongeza uzito, na pale kaunta mzani hauulizi kama ni maji ama ni nguo. Begi la mama mdogo tulilipima nyumbani kilo 22 na kidogo. Tulilivingirisha kwenye kipande cha turubai tulichokata sisi wenyewe tukakifunga kwa kamba ya katani, na utingo akacheka. Mfuko wa plastiki usitegemee: Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, na sisi tangu Juni 2019. Koti, pasi, dawa na chaja vibaki mkononi.

6. Namanga

Hapa ndipo saa zinapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kituo cha pamoja kilizinduliwa Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta. Utaratibu wake ni kwamba unashughulikiwa na nchi zote mbili ndani ya jengo la nchi unayoingia. Ukitoka Arusha, jengo lako ni la upande wa Kenya. Jengo la upande wetu unalipita. Lile ni la wanaokuja. Kwenye kosta hutapotea kwa sababu dereva anakupeleka, lakini anayefika kwa Noah na kuvuka kwa miguu huona bendera ya Tanzania, akafurahi, akapanga foleni na watu wanaorudi nyumbani. Anakuja kushtuka amefika dirishani.

Ndani ya jengo, dirisha la kwanza ni la Tanzania, unagongewa muhuri wa kutoka. La pili ni la Kenya, muhuri wa kuingia. Foleni zikichanganyika, watu huruka la kwanza. Utasikia, "Dada, pasi hii haijagongwa na kwenu, rudi kule," na kule mwanzo basi la watu 50 limeshawasili. Fungua pasi, hesabu mihuri miwili kabla hujaondoka mbele ya dirisha. Ukifanikiwa kupita na mmoja ndiyo mbaya zaidi, utaulizwa siku ya kurudi.

Sisi Watanzania hatuhitaji viza ya kuingia Kenya. Lakini tazama wenzako ndani ya kosta. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza za zamani, na wageni wengi wa kutoka nje ya Afrika wanapaswa kuwa na kibali cha mtandaoni, eTA, walichokiomba kabla ya safari. Akiwemo mtalii mmoja aliyeshuka Kilimanjaro jana na hana habari, kosta nzima inamsubiri akijaza fomu kwenye simu yenye chaji asilimia 9. Nimeshuhudia subira hiyo ikifika mahali abiria wanaanza kumchangia intaneti. Kwa hiyo mnapopakia Arusha, muulize kwa upole, au mwambie dereva aulize kwa sauti. Dereva mzuri huuliza bila kuambiwa, na asiye na kibali anaanza kuomba palepale, si mpakani.

Kadi ya homa ya manjano ibebe. Hata wasipokuuliza ukienda, ukirudi kutoka Kenya utaulizwa. Chanjo hiyo huanza kuhesabika baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanja juzi ya safari hakusaidii. Ukishaipata ni ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10.

Fedha badilisha dukani Arusha, au ofisi inayoeleweka hapo Namanga. Vijana wenye mabunda mkononi wanahesabu haraka kuliko macho yako, na mvua ikinyesha wote mna haraka. Shilingi za Kenya unazohitaji ni za chakula, choo, na ile teksi ya dharura.

Mtandao wa kompyuta ukikata, hakuna la kufanya zaidi ya kukaa karibu na dirisha. Wanaokwenda kunywa chai ndio hujikuta mwisho wa foleni mtandao ukirudi.

7. Bissil hadi getini

Bissil, Kajiado, Isinya: barabara imenyooka na madereva wanajisahau. Mwambie wako apunguze. Ukimwambia "kaka, mimi ndege ni usiku, twende taratibu," hata yeye anapumua.

Kitengela ni kitu kingine. Ikinyesha, kila mwenye haraka anatanua pembeni, njia moja inakuwa tatu, na hapo hapiti wa kuingia wala wa kutoka. Jumapili jioni ni mbaya hata bila mvua. Ukivuka hapo na Athi River, mwombe dereva apande barabara ya juu ya kulipia kuanzia Mlolongo, inayoteremka kwenye uwanja. Kosta huwa hazitaki kwa sababu ya ada. Kwa teksi, ilipie wewe, ni fedha ndogo kuliko tiketi mpya.

Getini huenda mkashushwa wote mpite kwenye ukaguzi kwa miguu, gari likikaguliwa peke yake. Koti liwe limeshavaliwa. Jina la jengo la kuondokea limeandikwa kwenye tiketi, mwoneshe dereva kabla ya geti na si baada.

Ukikwama Kitengela na zimebaki saa 3 ndege iruke, shuka. Ukiwa na begi la mkononi tu, boda boda itakupenyeza hadi Mlolongo. Pikipiki haziruhusiwi kwenye barabara ya kulipia, kwa hiyo hapo badili upande Uber au Bolt, huku ukiipigia kampuni ya ndege simu uwaambie uko wapi. Ukiwa na begi kubwa kama la mama mdogo, baki garini, piga simu hiyo mapema zaidi, na uulize gharama ya kuhamishiwa ndege ya kesho kabla ya kaunta kufungwa, kwa sababu baada ya kufungwa bei huwa nyingine.