Baiskeli yangu ya mayai, Phoenix: niitengeneze au ninunue nyingine?

Kazi yangu ni mayai. Nayafuata kwa wafugaji wa Uru, juu mlimani, nayashusha hadi madukani Mbuyuni na Majengo hapa Moshi, trei sita kwenye keria, zimefungwa kwa mipira ya tyubu. Kupanda nasukuma baiskeli tupu. Kushuka roho yangu iko kwenye breki. Kwa hiyo nikikwambia baiskeli imechoka, siongelei rangi.

Mwaka jana Phoenix yangu ya inchi 28 ilianza kulia kila kiungo. Kijana wa chuma chakavu akaitazama akaniambia, "Mzee, hiyo lete tuipandishe mzani." Fundi naye akasema inatengenezeka kabisa. Sasa fundi atasema nini kingine, na ndiyo ugali wake? Ikabidi nikague mwenyewe.

Anza kwa kuiosha. Sabuni, brashi, na mafuta ya taa pale grisi ilipoganda. Tope jekundu la masika linaficha ufa, na pia linaifanya baiskeli nzima ionekane mfu.

Kisha fremu, na hapa usiwe na haraka. Pitisha kucha kwenye maungio: shingoni chini ya usukani, kwenye nyumba ya krenki (pale ekseli ya pedeli inapopita), na nyuma ekseli ya gurudumu inapokaa. Rangi iliyojikunja, au mstari mwembamba kama unywele wenye kutu ndani, ni ufa. Ukiuona, tafuta sumaku. Mimi nilitoa ya spika iliyokufa. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na mchomeleaji mwenye mkono mzuri ataiokoa mara nyingi. Isiponasa, karibu hakika ni alumini. Anayechomelea mageti asiiguse. Fremu ya alumini yenye ufa ni ya kuachana nayo, hata kama vingine vyote ni vipya.

Foku, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, ina sheria yake: hata ikiwa ya chuma, haichomelewi. Inauzwa peke yake, nunua nyingine. Mimi nilikubali yangu ichomelewe, kwa fundi ambaye simtaji, ikakatika nikiwa kwenye mteremko. Niliacha meno mawili na trei sita barabarani. Trei moja ni mayai 30, piga hesabu. Mbwa wa pale walikula vizuri siku hiyo.

Fremu ikipona, geukia magurudumu. Yainue, yazungushe, uone kama rimu inayumba. Kuyumba kidogo ni kukaza spoku tu. Lakini kama breki zako zinabana ubavu wa rimu, gusa huo ubavu. Ukiwa umeliwa hadi umebonyea ndani, rimu imekwisha. Hesabu ya hapo huwa ndefu: rimu mbili, spoku 72, na ujira wa kusuka. Tena rimu za chuma zinazong'aa kama kioo, zikilowa mvua, breki inateleza tu. Anayezunguka tambarare ya kuelekea mashamba ya miwa ya TPC anaweza kuishi nazo. Wewe unayeshuka kutoka Kibosho mwezi wa nne, fikiri mara mbili.

Cheni nilipima kwa tepu ya mke wangu ya kushonea, maana ina inchi. Ivute ikaze, weka sifuri katikati ya pini, uhesabu viungo 24 (pini hadi pini ni kiungo kimoja). Ikiwa mpya, pini ya mwisho inakaa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya nane ya inchi, badilisha. Meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, yakiwa yamechongoka kama msumeno, badilisha vyote pamoja, la sivyo cheni mpya itaruka pale pale unaposimama juu ya pedeli kupanda.

Gololi, kotapini (kipini kinachoshika mkono wa pedeli), tyubu, mipira ya breki: viandike, ila visikuamulie.

Viandike kweli, kwenye karatasi moja, kabla hujanunua hata nati. Wengi tunaliwa hapa: leo tairi, wiki ijayo pedeli, na mwisho wa mwaka umeshanunua baiskeli nzima bila kuwa nayo. Orodha yangu ilifika shilingi 85,000. Mtumba mzuri niliotajiwa mjini ulikuwa 200,000. Mimi nikivuka nusu ya bei ya nyingine naanza kusita, nikivuka theluthi mbili nanunua. Nikaitengeneza Phoenix.

Ila linganisha na baiskeli itakayobeba mzigo ule ule. Zile mpya za dukani zenye springi mbele na nyuma zinapendeza macho, lakini ukiweka trei juu yake zinadunda kama ngoma. Niliazima moja siku mbili, nikairudisha.

Na mitumba ina mtego wake. Mwanangu alileta ya Kijapani, tairi ikapasuka, akanunua nyingine ya 26, ikagoma kuingia. Soma ubavuni mwa tairi: iliyoandikwa 26 x 1 3/8 inakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 590 pale tairi inapokalia, na ile pana ya 26 x 1.95 kwenye 559. Zote zinaitwa ishirini na sita, na hazibadilishani. Kabla ya kulipa, nenda na hiyo namba kwa mafundi wawili watatu wa mtaani kwako uulize kama wanayo.

Ukiamua kununua, ipindue, tafuta namba iliyogongwa chini ya nyumba ya krenki au kwenye fremu karibu na kiti, umwombe muuzaji aiandike kwenye risiti, usije ukauziwa ya wizi. Akianza kutazama simu yake, mwachie baiskeli yake.