Kurudisha Oili ya Turbo Katika Ndege ya Kujiundia

Ndege ndogo ya kujiundia inapoanza kutoa moshi wa buluu kwenye ekzosi, fundi wa kwanza kuitwa husema kwamba sili za turbo, yaani kifaa kinachozungushwa na gesi za ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, zimekufa, kisha hutaja bei ya turbo nyingine. Kabla ya kukubali gharama hiyo, mwenye ndege achunguze bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini, kwa maana turbo nyingi zinazovuja hazina ubovu wowote: oili imekosa njia ya kutokea, ikajaa ndani, ikapenya pale ilipopata upenyo.

Kwa anayerukia Mombasa tu, turbo ni anasa, kwani uwanja wa Moi uko takriban futi 200 tu juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya Ukunda na Vipingo viko karibu na ufuo. Mambo hubadilika kwa anayeelekea bara. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, na uwanja wa Wilson jijini Nairobi uko takriban futi 5,500. Ndiyo sababu baadhi ya waundaji huchukua turbo za magari na kuzifunga kwenye injini za ndege zao. Mafundi wa malori wa Changamwe wanazijua turbo kwa undani, na ushauri wao kuhusu beringi na shafti unastahili kusikilizwa. Ila lori, hata likipanda Mazeras na shehena yake yote, halikai limeinua pua kama ndege inayopaa, wala halibanwi na nafasi finyu iliyo chini ya kifuniko cha injini ya ndege.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili huingia kupitia tundu dogo kwa shinikizo la pampu ya injini, hupita kwenye beringi, kisha huangukia katika chumba cha katikati ikiwa imepoteza shinikizo na kuchanganyika na hewa, yenye povu kama mnazi uliotoka kugemwa. Kuanzia hapo hakuna kinachoishusha isipokuwa uzito wake. Sili zilizo kwenye ncha mbili za shafti si za mpira. Ni ringi za chuma zinazofanana na zile za pistoni, na kazi yake kubwa ni kuzuia gesi za ekzosi na hewa ya kompresa (upande wa turbo unaobana hewa) zisiingie katikati. Hazikuundwa kuzuia oili iliyosimama, na usawa wa oili ukifika kwenye shafti, itavuja hata kama turbo ni mpya kabisa.

Kwa hiyo kazi huanza na kuchagua mahali pa kufunga turbo, kabla bomba lolote halijakatwa. Mdomo wa chini wa turbo uwe juu kuliko tundu ambalo bomba linaingilia kwenye injini, na tundu hilo nalo liwe juu ya usawa wa oili iliyomo kwenye sampu, yaani chombo cha oili kilicho chini ya injini. Mdomo uelekee chini. Kanuni inayotumiwa sana huruhusu upotoke hadi nyuzi 35 kutoka wima, lakini kwa ndege ni lazima uhesabu humo humo pembe ya pua wakati wa kupaa. Ukiufunga umelala nyuzi 25 kuelekea mbele, na ndege ikapaa kwa nyuzi 15, umeshafika 40. Inua pua ya ndege hadi pembe ya kupaa, ithibitishe kwa pima maji, kisha chora mahali ambapo oili ya sampu itafika katika mkao huo, kwa sababu oili hukimbilia nyuma na tundu lililokuwa wazi ndege ilipokuwa mlalo linaweza kuzama.

Wengi huogopa kona za angani. Kona iliyopigwa sawasawa haina shida, kwani uzito wa kila kitu ndani ya ndege huendelea kuelekea sakafuni; kinachosumbua ni kupaa kwa muda mrefu, kushuka pua ikiwa chini, na kuteleza kwa ubavu wakati wa kutua, kama inavyolazimu siku ambazo kusi inavuma kwa nguvu.

Bomba lenyewe liwe na kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 13, na 16 ni bora, ingawa bomba la kuingizia oili ni jembamba sana likilinganishwa nalo. Lishuke mfululizo bila kupanda popote na bila kufanya tumbo ambamo oili itatuama. Epuka kona kali, na kagua ndani ya kila fitingi, kwa maana fitingi pana kwa nje inaweza kuwa na tundu jembamba. Gasketi ya kukata kwa mkono mara nyingi hufunika sehemu ya mdomo, na gundi ya gasketi ikipakwa kwa wingi hujikunja ndani ikawa kizibo. Haya ndiyo ninayoyatafuta kwanza kwenye turbo inayovuja. Sehemu ya bomba iliyo ya mpira iwe ya aina inayohimili oili ya moto, ivikwe ala ya kuzuia moto, na ipite mbali na ekzosi. Mpira wa rejeta haufai, na wa silikoni ya kawaida haufai pia, kwa sababu oili ya moto huulainisha na kupenya.

Hata bomba zuri hushindwa injini ikikosa kupumua. Gesi zinazopita kando ya pistoni huongeza shinikizo ndani ya injini, nalo huizuia oili inayoshuka. Ikiwa turbo iko sentimita 10 tu juu ya tundu la kurudishia, shinikizo linaloweza kuinua maji sentimita 9 linatosha kuisimamisha oili yote iliyo katika kimo hicho, na yenye povu husimama mapema zaidi. Pima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama U na kutiwa maji, ukiunganishwa mahali pa kijiti cha kupimia oili. Shinikizo likiwa kubwa, panua bomba la kupumulia au kagua ringi za pistoni.

Pale ambapo turbo haina budi kukaa chini ya sampu, uzito hautasaidia tena, na itahitajika pampu ya kunyonya. Rotax 914, injini ya ndege ndogo yenye turbo, hutoka kiwandani hivyo: oili ya turbo huangukia kwenye chombo kidogo, na pampu ya pili huivuta na kuirudisha kwenye tangi. Anayejiundia mfumo wa namna hii achague pampu yenye uwezo wa angalau mara mbili ya oili inayoingia, kwa kuwa povu huchukua nafasi kubwa, na aweke kichujio cha waya mbele yake. Napendelea pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Ya umeme ikizimika angani, turbo hujaa, na oili ya injini huanza kutoka kupitia ekzosi. Tangi likiwa juu ya turbo, valvu ya kuzuia iwekwe kwenye bomba la kuingizia ili oili isishuke ndege ikiwa imeegeshwa.

Jambo moja halirekebishiki kwa bomba: karbureta ikiwa mbele ya kompresa, rubani akifunga hewa, mvuto hunyonya oili kupitia sili ya upande huo. Hapo inahitajika turbo yenye sili ya kaboni.

Majaribio yafanywe ndege ikiwa imefungwa kwa kamba na magurudumu yamezuiwa. Ng'oa plagi, zima mfumo wa kuwasha, fungua bomba upande wa chini, weka chombo safi, halafu zungusha injini kwa stata. Oili itiririke bila kusita, katika mkao wa mlalo na tena pua ikiwa juu. Baada ya kuunganisha upya, washa injini na ufikie nguvu kamili kwa muda mfupi, kisha iache izunguke polepole kwa dakika 3 hadi 5 kabla ya kuizima, ili oili isiungue ndani ya turbo na kuacha masizi magumu. Tazama ndani ya mpira wa hewa baada ya kompresa, uone kama kuna oili. Chumvi ya baharini hula klipu za chuma cha kawaida haraka, kwa hiyo tumia zisizoshika kutu na uzikague katika kila huduma.

Oili ikiendelea kuvuja baada ya haya yote, fungua turbo na uitikise shafti kwa vidole: ikiwa mabawa yake yanagusa kasha la turbo, au inacheza mbele na nyuma kupita kipimo cha mtengenezaji, beringi zimekwisha.