Namna ya Kupanda Masale Yakawa Ua wa Shamba

Ukipita katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Uchaggani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, utaona mipaka mingi imewekwa kwa masale, mmea wa asili wa milima ya Afrika usiopukutisha majani, ambao wataalamu huuita Dracaena fragrans. Heshima ya isale haiishii mpakani, kwani aliyekosa akipeleka jani lake kuomba radhi, ni vigumu kwa aliyekosewa kukataa.

Kwao isale ni kwenye misitu yenye unyevu, chini ya miti mikubwa, kuanzia mita 600 hivi hadi zaidi ya 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo litafutie kivuli chepesi, kama pembeni mwa migomba, penye udongo wa mboji usiotuamisha maji. Jua kali la mchana huunguza majani yake, na isale halistahimili jalidi kabisa.

Isale hupandwa kwa vipande vya shina, na wakati wake ni mwanzoni mwa masika. Kata shina lililokomaa katika vipande vya sentimita 40 hivi, na uangalie usije ukavipanda kichwa chini. Ukilitazama shina kwa karibu utaona pete zilizoachwa na majani yaliyodondoka, na jicho la chipukizi limekaa juu tu ya pete. Lakini ukishakuwa na rundo la vipande miguuni, pete hizo hukuchanganya, hivyo ni heri kukata ncha ya chini mshazari na ya juu sawasawa tangu mwanzo. Viache kivulini siku moja au mbili hadi jeraha likauke, kisha fukia theluthi moja ya kila kipande, ukiviachanisha kwa sentimita 30.

Maji nayo yana mtego wake. Kuzunguka Mlima Meru, ambako chemchemi na visima vingi vina floraidi nyingi, ncha za majani hugeuka kahawia, na mkulima akidhani ni kiu huongeza maji mpaka mizizi ikaoza. Mwagilia maji ya mvua kila uwezapo, na uepuke mbolea ya supafosfeti, ambayo nayo hubeba floraidi. Samadi iliyooza inatosha.

Masale yakipita kimo cha kiuno, yakate vichwa, nayo yatachipua matawi mawili matatu chini ya mkato. Vichwa hivyo usivitupe, bali vichomeke kwenye mapengo ya ua.