Jinsi ya kuielewa "go" bila kukariri "went" kama kasuku

Wengi tukifika kwenye go, went, gone tunakariri tu basi, halafu mtu anaandika "goed" anapigwa kosa na hajui kwa nini. Mi naona ukishajua went ilitoka wapi haikusumbui tena.

Iko hivi. Went haikuzaliwa na go. Kwenye Kiingereza cha kale go ilikuwa gān, na wakati uliopita wake ulikuwa ēode, yani hata enzi hizo havikufanana kabisa. Pembeni kulikuwa na kitenzi kingine, wend, kugeuka au kushika njia. Sasa jaribu mwenyewe: send inakuwa sent, bend inakuwa bent, lend inakuwa lent, je wend? Went! Ndo hiyo hiyo. Kufika karne ya 15 kusini mwa Uingereza ilikuwa imeshamnyang'anya ēode kiti chake, na wend yenyewe ikabaki kwenye msemo "wend your way". Gone ndo mtoto wa go wa kumzaa. Na tusiwashangae, sisi wenyewe kitenzi ni kuenda ila ukimwamuru mtu unasema nenda, na kuja unasema njoo, vitenzi vya kila saa ndo huwa vikaidi.

Kwenye kutumia, hapa ndo pa kukaza. Unasema "go to school" lakini "go home", bila to. Ifikirie home kama nyumbani, ile -ni mwishoni imeshamaliza kazi, huwezi kusema "naenda kwenye nyumbani". Go there na go abroad nazo ni vivyo hivyo.

Halafu gone na been usizichanganye. "She has gone to London", bado yuko huko. "She has been to London", alienda akarudi, unaweza ukawa umekaa naye hapo.

"Going to" ni rahisi, ni kama naenda kula, ila wao wanaisema hata kwa kitu ambacho hakina safari: "it's going to rain", mvua itanyesha.

Na ukikutana na "the milk went bad" usitafute maziwa yameenda wapi, yameharibika tu. Go ikifuatwa na neno la sifa mara nyingi ni mabadiliko ya kwenda kubaya: go bad, go blind, go mad. Ndoto ikitimia wanatumia come: come true.