Jinsi ya Kumsaidia Aliyefiwa Wakati wa Kafyu Akakosa Kuomboleza

Kati ya Aprili na Julai mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Wakenya waliokuwa Nairobi na Mombasa, na hadi mapema Juni wale wa Kilifi na Kwale, hawakuruhusiwa kuvuka mipaka ya maeneo hayo bila kibali, na mazishi popote nchini yalitakiwa kuhudhuriwa na jamaa wasiozidi 15. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikawa imekwisha kuondoa makesha. Ndiyo maana wapo walinzi, vibarua na wauza mboga waliotazama mazishi ya mama zao kwenye simu, na kesho yake wakarudi kazini. Tunapozungumzia jinsi kufungiwa huko kulivyodhuru afya ya akili, tunataja upweke na kukosa kazi. Msiba uliokosa matanga hatuutaji sana, nami naona ndio uliokaa ndani ya watu kwa muda mrefu zaidi.

Anza kwa kumtazama. Huenda anamtaja marehemu kana kwamba yuko safarini, au ana udhuru kila anapotakiwa kwenda nyumbani kwao. Huzuni si ugonjwa. Hata hivyo, mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unatambua kuwa ugonjwa ile huzuni inayozidi miezi sita, ikavuka kile ambacho mila za mhusika zinakitarajia na kuvuruga maisha yake.

Ukikaa naye, usitangulize maneno ya “ni mapenzi ya Mungu”, kwa sababu hata yakisemwa kwa nia njema humfunga mdomo. Muulize alikuwa wapi habari ilipomfikia, nani aliyempigia, na alifanya nini baada ya kukata simu. Mwache asimulie kwa mpangilio wake, hata akirudia jambo moja mara tatu. Akinyamaza, nyamaza naye. Kwetu pole haijawahi kuhitaji maneno mengi.

Kisha shauriana na wazee mpange siku ya kwenda kaburini. Waislamu wanaweza kusoma khitma na Wakristo kuomba misa ya kumbukumbu, lakini la muhimu ni kwamba yule aliyekosa mazishi apewe kazi ya kufanya kwa mikono yake: asafishe kaburi, apande maua, asome wasifu ambao haukupata msomaji. Michango iwe midogo, maana shughuli inayoacha deni huzaa msongo mwingine.

Jiandae pia kwa ugomvi, kwa kuwa swali la nani aliyechaguliwa kuwa miongoni mwa wale 15 bado linawatenganisha ndugu wengi. Aliyeachwa nje huamini kwamba alidharauliwa, na aliyekuwemo hujiona amebebeshwa peke yake mzigo ambao kwa kawaida hubebwa na kijiji kizima. Waombe waliokuwepo waeleze walichokiona, hata kama ni maafisa wa afya waliovaa mavazi ya kujikinga wakiharakisha jeneza. Asiyekuwepo huenda amejitungia picha mbaya zaidi ya hiyo. Watoto nao waambiwe wazi kwamba babu alikufa na akazikwa, wasiambiwe amelala.

Ikiwa halali, amezidisha pombe au anasema anatamani kumfuata marehemu, muulize bila kuzunguka kama anafikiria kujiua, kwani swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyo karibu, mpeleke hospitalini, au mpige pamoja nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambayo haitozwi malipo. Familia nyingi zilikuwa zikificha jambo hili kwa kuogopa polisi, kwa sababu kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa hiyo mwelezeni daktari ukweli wote.